Masahihisho ya Neno Chilunduwele

Nambambo, Nachingwea
9 Februari 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Sisi huku wazima. Mvua iligoma wiki mbili, kisha ikaja yote siku moja ikazoa mbegu za jirani na kuzimwaga kwangu, sasa mwenyewe anadai mbaazi zilizoota shambani kwangu ni zake. Mke wangu anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mwambie mama yako nimesikia habari ya goti lake, na kwamba dawa ya goti ni kupunguza safari za kwenye harusi za watu.

Umenipigia simu mara tatu sikupokea. Simu ni ya kuulizia bei ya ufuta. Mambo ya Jarida yanaandikwa kwenye karatasi, na wewe sasa ni mtu wa Jarida, kwa hiyo utaniandikia. Jumaa, konda wa basi la asubuhi, ataleta na kupeleka.

Nimepata taarifa kuwa kamati ya chama chetu cha lugha imekupa uhariri mkuu. Watu tisa wamekaa hotelini Ruangwa, wamekula kuku, wameamua. Mimi niliyelihariri Jarida la Lugha na Mila za Kusini miaka thelathini na moja nimetumiwa ujumbe wenye picha ya mikono inayoshikana. Hata nukta hawakuweka! Eti wamefuata mila, mpwa amrithi mjomba. Mila gani wanayoijua wale? Nusu yao ukiwauliza mpwa ni mtoto wa nani watafungua simu watazame.

Sikupingi. Una shahada ya uzamivu, wanakuita daktari, ingawa sindano hujawahi kushika. Nimekupakilia masanduku manne. Mawili ya kwanza ni miswada na madaftari yangu, la tatu ni barua. La nne ni makala zilizokataliwa, hilo washia jiko.

Agizo langu ni moja. Toleo la hamsini ni lako la kwanza. Lifungue kwa makala yangu ya mwaka 1994, ile iliyoanza ukurasa wa kumi na saba, kuhusu neno chilunduwele. Huna haja ya kuongeza kitu. Ule ukimya unaomshika mfiwa siku ya tatu ya msiba, ambao si huzuni wala si subira, Wamwera tuna neno lake na wengine hawana. Waliokuwa wanatuita watu wa nyuma walilisoma wakafunga midomo.

Mjomba wako,
Isihaka


Ruangwa
2 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na safari hii naandika kwa mkono kama ulivyotaka. Sisi wazima. Mume wangu Huzaifa amehamishiwa shule ya Nanganga, anakwenda na kurudi kwa pikipiki, akifika nyumbani hajulikani kama ni mwalimu au ni tofali. Mama anasema salamu amezipata na ushauri wa goti ameupata, na harusi ya Jumamosi anakwenda.

Masanduku yamefika baada ya masaa manne, Jumaa aliyaweka juu ya mbuzi wa watu. Nimeyafungua yote, hata la nne. Jiko letu ni la gesi.

Mjomba, nina swali dogo. Kuna binti wa chuo kikuu, anaitwa Doris, ametuletea makala. Anaandika tasnifu nzima juu ya chilunduwele. Kurasa mia mbili! Ameandika kuhusu falsafa ya ukimya, ukimya na mwanamke, ukimya na ukoloni. Nikaona kabla sijaipeleka kwa wasomaji wetu waikague nimuulize mama namna neno lenyewe linavyotamkwa.

Mama hakulijua. Nikamsomea makala yako polepole. Nilipofika kwenye siku ya tatu alicheka mpaka akashika goti. Akasema, "Mimi nimezaliwa tumbo moja na Isihaka, tumezika wazazi pamoja, hilo neno kalitoa wapi? Muulize mjomba wako." Ndiyo nakuuliza. Ulilipata kwa nani?

Makala yako haimtaji msimulizi. Umeandika tu "mzee mmoja wa Chinongwe".

Mpwa wako,
Faudhia


Nambambo, Nachingwea
30 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mahindi yamebeba vizuri, ngedere wamefurahi kuliko sisi. Huzaifa mpe pole ya vumbi.

Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Usishtuke ukiona wino mwekundu. Hakuna "masaa". Kuna saa, moja au elfu moja, ni saa tu. Mhariri mkuu wa Jarida anaandika masaa! Nimeweka na mkato sehemu mbili ulipopumua bila ruhusa.

Kuhusu mama yako. Zaina ni dada yangu na nampenda, lakini aliolewa akiwa na miaka kumi na saba akaanza kuongea Kiswahili cha redio. Tangu lini amekuwa kamusi? Neno halifi kwa sababu mtu mmoja mwenye goti bovu hajalisikia. Limenukuliwa na maprofesa kumi na wanne, nimewahesabu. Kuna mmoja wa Ulaya alikuja mpaka hapa Nambambo, akakaa kimya barazani kwangu dakika ishirini, akaniambia amelihisi. Sasa yeye kalihisi kutoka Ulaya, dada yangu wa Nachingwea halijui.

Msimulizi ni mzee, ameshafariki, Mungu amrehemu. Siku zile hatukuwa tunaandika jina na namba ya kitambulisho cha kila mzee kama wauza laini za simu.

Mpitishe huyo Doris. Kurasa mia mbili si mchezo. Na makala yangu ikae mwanzo.

Isihaka


Ruangwa
11 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ufuta umeanza kukatwa, wanafunzi wangu wote wa kidato cha pili wana udhuru wa kuumwa tumbo, na tumbo linapona jioni. Mama ametoka harusini na goti limevimba, amenikataza nisikuambie.

Nashukuru kwa wino mwekundu. Saa nne, basi.

Katika sanduku la nne nimekuta makala ya mwaka 2004. Mwandishi ni Evodius, wakati ule mwalimu kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka Kagera. Kurasa sita tu, safi, zimepigwa kwa taipu. Anasema hakuna Mmwera yeyote aliyemhoji anayelijua chilunduwele, na kwamba neno linaelekea lilizaliwa kwenye utani wa msibani. Juu yake kuna mwandiko wako mwekundu: "Mwandishi hajui Kimwera. Irudishwe." Hukueleza hata sababu moja.

Yeye anamtaja msimulizi kwa jina. Bi Biasha wa Chinongwe. Nikajisemea, huyu ndiye mzee wa mjomba aliyefariki, niende nikaiombee familia yake. Nimemkuta marehemu anapepeta ufuta.

Amekula chumvi nyingi lakini kichwa kinafanya kazi kuliko cha kamati yetu. Nilipotaja jina lako akatupa ungo chini. "Yule mwenye daftari? Mtani wangu yule! Ukoo wetu na wenu watani tangu mababu." Nikamuuliza neno. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza chumvi:

"Ilikuwa msiba wa kaka yangu, siku ya tatu. Watu wanalia, Isihaka kakaa jamvini kimyaa, macho kwenye sufuria. Anasikilizia ubwabwa! Nikasema, mwacheni, kashikwa na chilunduwele. Akageuka, ndiyo nini hiyo? Nikamwambia, hujui? Ndiyo kimya cha siku ya tatu. We! Akatoa kalamu akaandika! Mimi mtani, nipo msibani, nina ruhusa ya kusema lolote, hata mtoto anajua. Msomi mzima hajui?"

Mjomba, uliingia mkenge, na hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Lakini Bi Biasha hakuishia hapo. Anasema wiki iliyofuata ulirudi kumuuliza neno linaandikwaje, akakuonea huruma akakuambia kalitunga palepale. Ukacheka naye. Kesho yake ukampelekea jogoo.

Nimelinganisha tarehe ya msiba na ya toleo. Makala ilitoka miezi mitano baada ya huyo jogoo. Jogoo alikuwa wa nini, mjomba?

Faudhia


Nambambo, Nachingwea
2 Juni 2025

Faudhia,

Sijambo na nyumbani hawajambo.

Umekwenda Chinongwe kunichunguza bila hata kuniaga. Mimi ni mjomba wako. Ulipozaliwa jina nilikupa mimi. Ulipoolewa waliokuja kukuposa walikaa hapa barazani kwangu, baba yako akangoja nimalize kusema. Leo unaniuliza habari za jogoo kama askari wa doria.

Nikujibu kisomi, kwa kuwa wewe ni msomi. Unasema mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Vizuri. Biasha ni mtani wangu mpaka leo. Kwa hiyo ana ruhusa ya kusema nilimpelekea jogoo. Ana ruhusa ya kusema nilimpelekea ng'ombe na meli. Wewe umeandika kila kitu kwenye karatasi na kunitumia. Nani sasa kaingia mkenge?

Na huyo Evodius. Mtu amekuja juzi na sanduku la bati, hajui hata kuomba maji kwa Kimwera, anataka kunifundisha lugha niliyonyonyea! Nilimjibu maneno matatu na yalimtosha.

Ukichapa upuuzi wa Chinongwe nitaiandikia kamati kwamba nilikosea kukukubali. Makala yangu iwe mwanzo au nisikuone hapa.

Isihaka


Ruangwa
20 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, hajui tunayoandikiana. Anaulizia tu kama umepata mtu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho au unapanda mwenyewe na umri huo.

Nimengoja wiki saba nikidhani utaandika tena. Nimeiogopa barua yako, nakwambia ukweli. Nimekaa nayo kwenye mkoba wa shule, kila nikitafuta chaki naigusa. Lakini hoja yako ya utani ilikuwa nzuri mno mpaka ikaniudhi, nikarudi kwenye masanduku.

Sanduku la pili, daftari la kijani la mwaka 1993. Ukurasa una doa la mchuzi. Umeandika chilunduwele na maana yake kwa wino wa bluu, na pembeni, kwa wino mwekundu, tarehe ya wiki iliyofuata: "Biasha: utani. Hakuna neno." Mwandiko wako, na nukta umeweka.

Hukuuchana. Wewe mwenyewe umenifundisha nikiwa msichana kwamba mhariri hachani karatasi. Basi usiniambie tena habari za Ulaya na maprofesa kumi na wanne. Wao wamedanganyika. Wewe ulijua, ukawatazama wakikaa kimya barazani kwako, ukawapa chai.

Nimemtafuta Mwalimu Evodius. Sikuhangaika sana, anafundisha shule moja na Huzaifa huko Nanganga. Anafundisha hesabu, mjomba. Anasema baada ya maneno yako matatu hakuandika tena kitu chochote cha lugha, alijiona kweli hajui. Na tulizungumza Kimwera saa nzima! Ana Kimwera cha kunitia aibu. Nikamwomba nichape makala yake, akakataa. "Sitaki kuchapwa kwa kuonewa huruma. Aliyeandika kwamba sijui, aandike mwenyewe kwamba najua."

Doris anatetea tasnifu yake Novemba. Kila wiki ananiuliza. Nikimwacha aende mbele za watu na ubwabwa wa Chinongwe mkononi, mimi si mhariri, ni mpambe wako.

Kwa hiyo hivi. Makala yako siirudii. Toleo linafungwa mwisho wa Septemba. Ukurasa wa kumi na saba nimeutenga kwa masahihisho yako, kwa jina lako. Usipoandika nitauchapa mweupe, juu yake kichwa chako cha habari cha mwaka 1994. Kamati ikitaka kuniondoa iniondoe, kuku wa hotelini bado wapo.

Mpwa wako, na jina ulilonipa bado ninalo,
Faudhia


Nambambo, Nachingwea
24 Agosti 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Marahaba. Mwambie Zaina salfa nimepuliza mwenyewe, sikuanguka, aache kuniombea dua za mgonjwa. Mikorosho imechanua. Mke wangu amekushonea kitambaa cha meza, Jumaa anacho, mwangalie asikifanye shuka.

Wewe unafurahia doa la mchuzi. Sawa. Mwaka ule nilikuwa mhariri wa mwaka mmoja, kama wewe sasa. Kamati ilitaka kulifunga Jarida. Walisema huku Kusini kuna korosho na ufuta, hakuna elimu ya kuandika. Nilikuwa na toleo la kurasa kumi na sita, zote za kuchosha, moja ilikuwa orodha ya majembe. Nikalisoma lile neno daftarini. Nikaona ni neno ambalo tulistahili kuwa nalo. Nikaongeza ukurasa wa kumi na saba, na Jarida likaishi. Ungependa nisiongeze? Usingekuwa na kiti unachokalia leo.

Baadaye kila mwaka lilinukuliwa, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Yule Mhaya alipoleta kurasa zake nilizisoma mara moja nikajua ni makala bora kuliko yangu. Usinijibu sentensi hii.

Masahihisho ni haya. Yana sentensi sita, usiyarefushe:

"Katika toleo la kumi na tisa, ukurasa wa kumi na saba, lilichapwa neno chilunduwele. Neno hilo halipo katika Kimwera. Lilitungwa kwa utani na Bi Biasha wa Chinongwe msibani. Mwandishi alidanganywa. Mwaka 2004 Mwalimu Evodius aliligundua kosa hili na makala yake ikakataliwa isivyo haki. Anajua Kimwera."

Sharti langu: usimpe Evodius ayasome kabla hayajachapwa. Sitaki kuhaririwa na mwalimu wa hesabu.

Isihaka


Ruangwa
21 Septemba 2025

Kwa Mwandishi,

Shikamoo mjomba. Kitambaa kimefika kikiwa kitambaa. Mama anatembea na fimbo, na fimbo hiyo anaitumia zaidi kuonyeshea watu kuliko kutembelea.

Doris nimemwambia. Alilia kwenye simu, kisha akanyamaza muda mrefu, nikaogopa hata kutaja ukimya huo unaitwaje. Jana amepiga tena. Anabadilisha tasnifu, ataandika jinsi neno lisilokuwepo lilivyosafiri. Anataka kuja kukuhoji. Nimempa na jina la Bi Biasha.

Masahihisho yako yameingia ofisini kama makala nyingine yoyote, na kwa utaratibu uliouweka wewe mwenyewe, kila kinachochapwa na Jarida kinapita kwa msomaji anayeijua mada kuliko wengine. Sharti lako nimelisoma. Msomaji anayeijua mada kuliko wengine ni mmoja tu, yupo Nanganga.

Alikaa na karatasi yako siku nne. Taarifa yake nainakili yote:

"Makala ichapwe. Katika sentensi ya nne nimefuta herufi moja. Mengine yapo sawa. Mwandishi anajua Kimwera, na alikuwa anakijua tangu mwanzo."

Herufi yenyewe ni W. Sentensi ya nne sasa inasomeka: Mwandishi alidanganya.

Siwezi kuchapa bila saini yako. Jumaa anarudi Alhamisi.

Mhariri Mkuu,
Faudhia


Nambambo, Nachingwea
25 Septemba 2025

Faudhia,

Karatasi nimeisoma barazani. Nimeitafuta W mahali ilipokuwa, nikajaribu kuirudisha kwa penseli mara mbili, haikai.

Saini ipo chini yake. Mwambie huyo mwalimu wa hesabu amefuta kwa mstari ulionyooka, lakini masahihisho ya Jarida yanafanywa kwa wino mwekundu, si bluu. Nimempelekea kalamu yangu, iko kwenye bahasha. Kwangu mimi haina kazi tena.

Ndani ya basi kuna jogoo. Huyu si wa kumfunga mtu mdomo. Mpeleke Chinongwe, umwambie Biasha kwamba amenishinda, na asianze kutunga lingine mbele ya huyo Doris.

Chapa. Ukurasa ule usiuache mweupe hata siku moja, watu watauliza Isihaka anangoja ubwabwa wa nani.

Mjomba wako